Wanyama wa Mawe na Ndege wa Miba ya Sangara

Siku ile pale Kitangiri, juu kwenye mawe, tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe Minza, ambaye wengi wenu mnaniita Mama Limi. Lushinge, mwenye wanyama wa mawe, ambaye ni shemeji yangu, kwa sababu marehemu mke wake Nkwaya alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo dada yangu. Maduhu, jirani wa Lushinge, mwenye ndege wa miba, aliyefanya kazi kiwanda kimoja na marehemu mume wangu, wakikata minofu ya sangara. Mwalimu Anastazia wa Sengerema, ambaye mama yake, Kabula, tulibatizwa naye siku moja, pamoja na walimu wenzake aliokuja nao kutembea. Na Mama Achieng', Mluo wa Shirati, mgonga kokoto. Huyo hana undugu na yeyote kati yetu, yeye aliitwa kazini. Nkwaya tulikuwa tumeshamzika, lakini nikimwacha nje ya hesabu hii nitakuwa nimewadanganya.

Ndiyo siku ambayo wanyama wa Lushinge ilikuwa wapasuliwe, wawe kokoto. Nitafika huko. Ila ninyi wajukuu zangu mnaotaka kuifanya kazi hii ya kutembeza wageni, mniruhusu nizunguke kidogo kwanza, maana mlima wa Kitangiri ukiupanda moja kwa moja unamtoa mtu pumzi.

Mimi shule niliishia la tatu. Kazi ya kuonyesha watu mambo sikuisomea popote, nilifundishwa na Bi. Modesta, Mhaya mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa akiuza senene karibu na bandari. Wasafiri wa meli ya Bukoba walikuwa wanafika asubuhi na meli inaondoka jioni. Mchana kutwa wanakaa juu ya mizigo yao wanatazama maji. Bi. Modesta akawahurumia. Akawa anawaambia, "Jamani, mtakaa hapa mpaka mkaoze? Njooni niwaonyeshe ukuta unaokunywa chai." Watu wanacheka, wanamfuata. Nami nikamfuata, nikiwa nauza maji ya kunywa, nikaona hii ni kazi.

Ukuta unaokunywa chai upo mpaka leo. Uko mjini, uani kwa Mama Zarina, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vyombo. Baba mkwe wake ndiye aliyeuanza. Vyombo vilikuwa vinakuja na treni, na kwa kila sanduku vingine vinafika vimevunjika. Mzee yule hakuweza kuvitupa. Akawa anavipachika ukutani kwa chokaa na simenti, kipande kwa kipande, masikio ya vikombe, midomo ya birika, visahani vya maua, mpaka ukuta mzima wa ua ukajaa, na mwanawe akaendelea, na Mama Zarina akaendelea. Ukiingia unaona kama bustani iliyosimama wima. Bi. Modesta alikuwa na mtindo wake pale. Haelezi kitu. Anawaambia wageni, "Kuna kikombe kimoja kizima. Nani atakiona?" Hapo watu wazima, wengine na makoti yao, wanainama, wanapapasa ukuta, wanagombana. Kikombe kipo, kimekaa juu ya kisahani chake kwenye kona, na mvua ikinyesha kinajaa maji na ndege, shorewanda, wanakuja kunywa. Nimeuona ukuta ule mara nyingi kuliko ninavyokumbuka na bado nikifika nasimama.

Hilo ndilo somo la kwanza la Bi. Modesta. Mgeni mpe cha kutafuta, usimpe maneno. Maneno atayaomba mwenyewe.

Somo la pili ni la mlima. Ukipanda na wageni, kuna mzee au mnene ambaye pumzi itamwishia kabla ya wengine. Usiseme "tupumzike", utamwaibisha. Simama mahali penye kivuli, geuka, sema, "Mnaiona ile meli?" Hata kama meli haipo. Watatafuta meli mpaka mzee wa watu apate pumzi, na atakushukuru kwa macho. Niliwahi kukosea nikamwambia bwana mmoja wa benki, "Kaa baba, unahema." Akapanda kwa hasira mpaka juu bila kusimama, tukafika tunampepea kwa khanga.

Sasa juu kule. Lushinge alikuwa fundi mwashi. Alipojenga nyumba yake alikuta kiwanja kizima ni mawe, haya mawe yetu makubwa ya Mwanza yaliyobebana. Wenzake wakamwambia ita watu wayapasue. Yeye akatazama jiwe la mbele, akasema hili limelala kama kiboko, akaliwekea masikio, pua na miguu minne mifupi ya simenti. Basi. Akaamka kesho yake akaona kiboko ni mpweke. Akafanya kobe. Akafanya mamba kwenye mwamba mrefu unaoteremka. Akasimamisha nondo juu ya jiwe, akapandisha shingo ya twiga mpaka majirani wakaanza kuuliza kama anajenga mnara wa simu.

Kitu ambacho mgeni alikuwa haambiwi ni macho. Macho ya wanyama wote wale aliyaweka Nkwaya. Lushinge akimaliza kichwa anaacha mashimo mawili mabichi, na dada yangu anatembea siku nzima mjini akitafuta kitakachofaa. Kiboko alimpa vitako vya chupa za soda za kijani. Kobe alimpa visoda, akavipiga rangi nyeusi katikati. Twiga alipata vifuniko vya sufuria ndogo vinavyong'aa, kwa hiyo ukiwa chini kule Kirumba jua likipiga unaona kitu kinakukonyeza kutoka mlimani. Mamba alikaa muda mrefu bila macho, Nkwaya anakataa kila kitu, mpaka siku alipookota gololi mbili za njano za watoto. Alipozibandika alirudi nyuma akasema, "Haya, sasa anaweza kuuma." Nilikuwepo, na mimi nilisogea pembeni kidogo.

Upande wa pili wa ukuta wa Lushinge ndiko kwa Maduhu. Maduhu kiwandani aliona minofu ikisafirishwa na migongo ikibaki, yale tunayoita mapanki. Watu wanayala, na yeye alikuwa anayala, lakini alikuwa na jicho. Aliona mfupa wa shavu la sangara ni bawa. Aliona mgongo ni shingo ya korongo. Akawa anaichemsha miba kwa majivu, anaianika juu ya mawe mpaka iwe myeupe kama karatasi, halafu anaiunga kwa waya na kuipaka rangi. Uani kwake wananing'inia ndege, heroe, mwewe, mnandi, na ndege wengine ambao Mungu hajawaumba. Ukuta wa nyumba ameubandika magamba ya sangara, moja juu ya jingine kama vigae. Mpelekeni mgeni kule asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado unapanda. Ndege wote wanageuka pamoja na wanafanya sauti ndogo, kama mtu anayepanga vijiko. Sijasikia kitu kizuri kama hicho, na nimeenda kanisani miaka yote.

Ila ulizeni kwanza kama si siku ya kuchemsha. Mimi sikuuliza siku moja, nikampandisha mama mmoja mchumba wa mchungaji, amevaa gauni jeupe. Tulipofika pipa linatokota na makorongo wa kweli wamejipanga juu ya paa kama wazee wa baraza. Yule mama alisema "Bwana asifiwe" kupitia leso, akarudi chini peke yake.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo nyie wa simu mnalikosa mnapoleta wageni mkapiga picha mkaondoka. Lushinge ni Mgika. Maduhu ni Mgalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vya sisi Wasukuma, na hata ninyi mkienda Bujora wakati wa ngoma mtaviona. Wanasimama huku na huku kwenye uwanja mmoja, kila upande unacheza na kuimba kuusema upande wa pili, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi. Wakikugeuzia mgongo wakaenda kule, umeshindwa. Kwa hiyo unatukana, unachekesha, unaleta nyoka, unaruka na jembe, chochote mradi watu wasikugeuzie mgongo. Na ukishamshinda mtu kabisa, kilichobaki ni kumnyamazia. Aliyekwisha haimbiwi.

Hawa wawili walistaafu ngoma, miguu imekataa, lakini waliihamishia ukutani. Mgeni akiingia kwa Lushinge, Maduhu anapanda juu ya jiwe upande wake anaanza kuimba, "Lushinge we, mamba wako ana meno ya nyanya, atamuuma nani?" Mgeni akiingia kwa Maduhu, unasikia upande wa pili, "Ndege wa Maduhu hawana mabawa, wanapeperushwa na harufu!" Wageni wanakimbia huku na huku. Nami ilinibidi nijue utaratibu. Leo naanzia kwa huyu, kesho kwa yule, na muda sawa, la sivyo nanuniwa. Siku moja ulimi uliniteleza nikamwita mamba wa Lushinge kenge, mbele ya wageni, na Maduhu akasikia. Mvua zilikuja zikaisha Lushinge hajaniitikia salamu, na Maduhu alikuwa ameshatunga nyimbo tatu za kenge.

Nkwaya alikuwa anakaa katikati anacheka. Akimuona Maduhu amekosa mstari, anamtupia juu ya ukuta. Mume wake anafoka, "Wewe mwanamke uko upande gani?" Anajibu, "Mimi niko upande wa wageni."

Halafu Nkwaya akafa. Aliugua kidogo, hakusumbua mtu. Maduhu ndiye aliyetangulia kuchimba kaburi na ndiye aliyelala msibani mpaka tulipoanua matanga. Baada ya hapo Lushinge akafunga geti. Nikafikiri ni kawaida, tumpe nafasi. Nikawa napeleka wageni kwa Mama Zarina na kwa wachora mabango ya vinyozi pale Kirumba, mlimani siendi. Nilikuwa napanda peke yangu na ugali au viazi, nasema pole shemeji, naweka chakula kwenye kibaraza cha nje, nashuka. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Pole, pole, pole. Kibaraza kilijaa masufuria ya watu.

Siku ile sasa. Mwalimu Anastazia alinipigia kwamba anakuja na wenzake, wanavuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, na anataka wauone mlima, kwa sababu aliuona akiwa mtoto na hajausahau. Nikasema mlimani wamefunga. Akasema, "Bibi, shikamoo. Mimi nitakuja tu, hata tukisimama nje." Huyo ni mtoto wa Kabula kweli, Kabula naye hakuwahi kusikia la mtu.

Tulipanda. Tuliitazama meli ambayo haikuwepo, mara mbili. Tulipokaribia nikaona moshi mdogo, nikafikiri Maduhu anachemsha. Sivyo. Kiboko, ambaye yuko nje ya geti, alikuwa amezungushiwa kuni na matairi ya zamani tumboni. Wale mnaokaa Mwanza mnajua maana yake. Jiwe linachomwa moto mpaka linapasuka, halafu linagongwa. Na pembeni, amekaa juu ya karai alilolipindua, Mama Achieng' na nyundo yake mapajani, na kijiti chake cha kuwashia kikifuka moshi mkononi.

"Mama Achieng', nini hii?"

"Kokoto, mama. Mzee ameniita. Kasema nianze na huyu mnene, niende na kobe, wote mpaka yule mrefu."

"Na mbona hujawasha?"

"Mimi nagonga mawe, mama. Hili lina masikio. Linanitazama. Nimemwambia mzee atoke awashe mwenyewe, ng'ombe wake, kisu chake. Nipo hapa tangu asubuhi, hatoki na hasemi niondoke."

Mwalimu Anastazia alienda akaweka kiganja kwenye pua ya kiboko, kama mtu anayemtuliza ndama.

Nikasogea getini. "Hodi, shemeji."

Sauti ikatoka karibu kabisa na bati la geti, kumbe alikuwa amesimama pale pale, "Umeleta watu?"

"Nimeleta walimu."

"Waambie watazame haraka. Kesho watakuta kokoto."

"Shemeji, kokoto za nini?"

"Kokoto zinajenga nyumba za watu. Kiboko anajenga nini?"

"Lushinge."

"Usinipe pole, Minza. Nimeshiba pole." Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo nilitaka walimu wasiisikie. "Hata yule wa upande wa pili amenimaliza. Tangu tumzike Nkwaya hajaniimbia hata mstari. Unajua wewe maana yake. Amenihesabu nimekwisha. Na mimi nikatazama, nikaona ni kweli. Mtu aliyekwisha anafuga mawe ya nini?"

Wajukuu, nilishuka pale getini nikazunguka kwa Maduhu mbio, na mimi si mtu wa mbio. Naye alikuwa amefunga. Nikasukuma tu nikaingia. Amekaa chini, ndege wake wote wamefungwa kwa kamba wasigeuke, wasifanye sauti.

"Wewe! Mbona umewafunga ndege?"

"Nitawaachiaje wapige kelele, Mama Limi, mwenzangu yuko kwenye msiba?"

"Matanga yalianuliwa zamani."

"Kwako wewe. Mimi namuona kila asubuhi anatoka na kikombe, anakaa chini ya twiga, chai inapoa, anaimwaga. Mtu kama yule nimwambie mamba wake ana meno ya nyanya? Mimi ni Mgalu, mimi si mchawi."

"Anasema umemhesabu amekwisha."

Maduhu alikuwa ameshika mfupa wa shavu. Akauweka chini taratibu. "Nani? Mimi?"

"Wewe. Mama Achieng' yuko hapo nje na kuni. Wanampasua kiboko."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi nimenyamaza kwa heshima, Mama Limi! Nyimbo zimenijaa hapa kifuani mpaka usingizi sipati. Nazitunga, nazimeza. Nazitunga, nazimeza."

"Basi zitoe."

Akatazama ukuta. "Zote zinamtaja Nkwaya."

"Hizo hizo."

"Nikimuua je?"

Nilimwambia tu, "Kuni zimeshapangwa." Akapanda juu ya jiwe lake.

Waliimba Kisukuma, nawawekea kwa Kiswahili, utamu mwingine umepotea njiani. Maduhu alianza kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa.

"Lushinge we, mbeba mchanga,
ulibeba mchanga ukadhani wewe ni fundi.
Macho aliyaweka mwanamke.
Mwanamke kaondoka, Lushinge,
na nyumbu wako anatutazama kwa kisogo."

Huyo nyumbu ndiye mnyama wa mwisho. Alikuwa na pembe, ndevu za kamba ya katani, na mashimo mawili matupu.

Mwalimu Anastazia alinishika mkono. "Bibi, huyu mzee si amefiwa? Hii si dhambi?"

"Subiri, mwalimu."

Geti halikufunguka. Maduhu akaendelea, kwa sauti zaidi.

"Kiboko analiona ziwa, nani alimwonyesha?
Twiga anaiona Ukerewe, nani alimwonyesha?
Wewe ulimpa kiboko tumbo tu, Lushinge.
Tumbo hata mimi ninalo!"

Akalipiga tumbo lake. Mwalimu mmoja wa kiume akacheka, akajiziba mdomo. Mama Achieng' hakujiziba. Yeye Kisukuma anakijua cha sokoni, alicheka mpaka karai likampindua, nyundo huku, yeye kule. "Mzee!" akapiga kelele kuelekea getini. "Mzee, unaambiwa huku! Utavumilia?"

Ndipo bati likalia kama limepigwa teke, na Lushinge akatoka. Amevaa fulana, kandambili moja, mkononi mwiko wa uashi. Ndevu zimekuwa nyeupe, sikuwahi kuziona nyeupe. Hakututazama sisi. Alitazama juu ya ukuta tu.

"Maduhu we, mla mapanki,
siku zote hizi ulikuwa wapi, mwiba ulikwama kooni?
Ni kweli macho ni ya Nkwaya.
Macho hayo hayo ndiyo yaliyokuona wewe kwanza,
yakakuona, yakapita, yakaja kwangu!"

Hapa lazima niseme. Ni kweli tupu. Maduhu ndiye aliyemposa Nkwaya kwanza, na Nkwaya alikataa, nami nilikuwepo nikiwa msichana nachuja togwa. Haikuwahi kuimbwa miaka yote ile. Hao wanaume wawili walikuwa wanajua wasiimbe nini. Maduhu juu ya jiwe alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji, halafu akaachia kicheko, wajukuu, kicheko cha mtu aliyekuwa anakisubiri. "Amka, Mgika!" akasema. "Amka kumbe bado una meno!"

Wakaendelea. Sikumbuki mistari yote na mingine siwezi kuiandika. Walimu walikuwa wanakwenda ukuta huu na ukuta ule, wanapiga makofi, mmoja amevunja kisigino cha kiatu hana habari. Maduhu akashuka kukata kamba za ndege. Lushinge alipoona watu wanamgeuzia mgongo kwenda kusikiliza ile sauti ya vijiko, akachanganyikiwa, akapiga kelele, "Rudini! Rudini huku, hamjaona kitu!" Akalisukuma geti lote mpaka ukutani.

Tukaingia. Nami nimeingia pale mara nyingi na namjua Lushinge anavyoonyesha. Alikuwa anaonyesha nondo, anaonyesha simenti, anakwambia alichanganya mchanga wa wapi. Siku ile alikwenda kwa kobe, akasema, "Hivi ni visoda. Nkwaya aliviokota stendi, akagombana na mtoto mmoja aliyekuwa navyo, akampa andazi." Akaenda kwa mamba, akaeleza gololi. Akasimama chini ya twiga, akaeleza jinsi alivyomshikia ngazi na Nkwaya juu kule akiwa na mfuniko wa sufuria mdomoni, anamtukana asitikise. Kila mnyama alimwonyesha kuanzia machoni. Walimu hawakupiga picha. Simu walikuwa wamezishika mkononi tu.

Tukafika kwa nyumbu. Yule mwalimu wa kiume akauliza, kwa adabu, "Mzee, na huyu mbona hana?"

Lushinge alipitisha kidole ndani ya shimo moja, akatoa vumbi.

"Alikuwa bado anayatafuta," akasema.

Hakuna aliyesema pole. Namshukuru Mungu kwa hilo. Maduhu alikuwa ameingia nyuma yetu bila kubisha hodi, akasimama upande wa pili wa nyumbu, akamkung'uta jani kwenye pembe. Hapo ndipo Mama Achieng' akaita kutoka nje, na kijiti chake, "Sasa wazee, mimi nawasha au siwashi?"

Lushinge akasema, "Washa."

Mwalimu Anastazia alipiga ukelele.

"Washa, uinjike chai. Walimu wametoka mbali. Ondoa kwanza hayo matairi, yatanuka."

Mama Achieng' akachomoa kuni chini ya tumbo la kiboko, akatafuta mawe matatu yasiyo na masikio, akainjika. Tulikunywa kwenye masufuria ya watu yaliyokuwa kibarazani, maana vikombe havikutosha.

Siku hizi geti liko wazi na wageni wanapanda, wengine wamepita juu ya daraja la Busisi hawajui hata kungoja kivuko. Nyumbu hajapewa macho. Maduhu alijitolea kumpa ya magamba, Lushinge akamwambia ya Mgalu hayataona kitu, na wimbo ukatungwa hapo hapo. Miguu yangu imeniambia basi, ndiyo maana nawaachia kazi ninyi. Mkifika, waacheni wazee waimbe kwanza. Picha zitangoja.

Limebaki jambo moja linanisumbua. Mimi nakumbuka komeo la geti likilia Lushinge alipotoka. Nimelisikia, naweza kuapa. Lakini Mama Achieng', tulipokutana sokoni juzi, aliniambia geti lile halikuwa na komeo hata siku moja. Kwamba lilikuwa limerudishiwa tu, na asubuhi ile kabla hatujafika paka alilisukuma kwa kichwa akapita. Ikiwa ni hivyo, basi sisi wote tuliokuwa tunapanda na viazi vyetu, tunasema pole kwa nje na kushuka, tulikuwa tunasimama mbele ya geti lililo wazi. Mimi ni mzee, huenda nakosea, na huenda anakosea yeye. Mliokuwepo, au mliowahi kulisukuma geti lile siku za msiba, tafadhali nisahihisheni.